Kazi Yako Yamfaa Nani?



Mwezi huu twataka kunena habari ya kazi. Hatuneni habari ya kutafuta kazi, maana hayo vijana wetu huyazungumza kila siku. Wala habari ya ujira, ingawa ujira ni haki ya kila mtu atokwaye jasho. Twataka kuliangalia neno ambalo watu wengi hujiuliza usiku, taa ikiisha kuzimwa na watoto wamelala: Kazi hii niifanyayo, yamfaa nani?

Aliyetuletea neno hili ni mwalimu kijana, afundishaye katika shule ya msingi iliyo karibu na ziwa. Asema kwamba darasa lake limejaa, hata watoto hubanana wanne katika dawati moja. Tena kila giza linapoingia, yaani siku zile mwezi usipoonekana na wavuvi hutoka na taa kuvua dagaa, wavulana wakubwa hupungua darasani, na wale wanaokuja husinzia, kwa kuwa usiku wamekesha majini. Wasichana nao huitwa kwenda kuanika. Mwalimu huyu akitazama kando, huwaona vijana aliosoma nao, waliokuwa nyuma yake katika masomo, leo wanachuuza dagaa, wamejenga nyumba na kununua pikipiki. Basi auliza: Je, nikae au nitoke? Na nikikaa, nitakuwa nimefanya nini duniani?

Swali hili si la uvivu wala si la tamaa. Ni swali la mtu mwenye akili, nasi haifai kulijibu kwa kumsifu tu na kumwambia kwamba ualimu ni kazi tukufu. Sifa hazilipi ada wala hazijazi chungu. Na tulitazame taratibu.

Kwanza tuzitazame kazi zilizo mbele ya macho yetu hapa Mwigobero, penye mwalo na soko, na mahali pa kupandia kivuko kiendacho Kinesi, ng'ambo ya ghuba. Yuko fundi wa mitumbwi, ambaye kazi yake ni kuziba nyufa za mbao kwa pamba. Mtumbwi ukiisha kushushwa majini, kazi yake haionekani tena. Wasafiri huisifu rangi iliyopakwa ubavuni, wala hakuna amwulizaye ni nani aliyeziba. Lakini upepo ukichafuka usiku katikati ya ziwa, wavuvi wanne hawaokolewi na ile rangi. Huokolewa na pamba iliyoshindiliwa vema na mtu ambaye saa hiyo amelala kwake.

Wako tena akina mama waanikao dagaa. Mmoja huwamwaga juu ya mchanga, maana ndiyo njia nyepesi. Mwenzake hutengeneza chanja, akawaanika juu, mchanga usiwapate wala mbuzi wasiwakanyage. Kazi yake ni ndefu zaidi, na huenda bei ikawa ile ile. Mtoto atakayewala dagaa hao huko Butiama au Bunda hatawajua akina mama hawa wawili, wala hatauliza majina yao. Lakini meno yake yatajua.

Hapo ndipo lilipo jibu letu, na mengine yote tutakayonena ni kulieleza tu. Kazi haipati maana kwa kuonekana na watu wengi, wala kwa ukubwa wa cheo. Hupata maana pale mtendaji anapomkumbuka yule atakayeipokea, hata ikiwa hatamwona kamwe, akaifanya kwa ajili yake kwa ujuzi wote alio nao.

Sasa tumtwae mtu wa nchi hii hii yetu, ambaye habari zake zajulikana na wote. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, aliletwa shule ya Mwisenge hapa Musoma, mbali na kwao kwa zaidi ya kilomita 40. Mwaka 1937 alikwenda shule ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere katika Uganda kujifunza ualimu. Toka 1946 hata 1949 alifundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, Tabora. Kisha alikwenda Edinburgh kusoma, akarudi mwaka 1952. Aliporudi Butiama na elimu yake kubwa, alikanyaga udongo na kufyatua matofali, akajenga nyumba kwa mikono yake. Watu walistaajabu, maana walidhani mtu aliyesoma hukoma kushika tope. Mwaka 1953 akaanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Mwaka 1954 alikuwa kiongozi wa TANU, na mwezi wa Machi 1955 ikampasa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, na mshahara ukakoma. Hapa, enyi wenye nyumba, msimsahau mkewe. Mama Maria alikuwa mwalimu naye, aliyefundisha Nyegina, karibu na Musoma. Mshahara wa mumewe ulipokwisha, alishika duka dogo huko Dar es Salaam ili watoto wale. Mara nyingi twasimulia habari za mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine, tukasahau kwamba jikoni alikuwapo mtu mwingine aliyehesabu senti. Kazi ya mtu mmoja hubebwa na nyumba nzima. Basi mume au mke atakaye kuingia katika kazi ya namna hii, na afanye shauri kwanza na mwenziwe, wala asimtwike mzigo asiomwuliza.

Turudi kwa Nyerere. Aliwekwa kuwa Waziri Mkuu, na nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata akawa Rais, akashika kazi hiyo hata mwaka 1985. Hivyo ni vyeo vikubwa kuliko vyote katika nchi. Lakini watu hawakumwita kwa vyeo hivyo. Walimwita Mwalimu, na hata leo, miaka mingi tangu kufa kwake tarehe 14 Oktoba 1999, ukitaja Mwalimu bila neno jingine, mtoto wa Musoma na mtu wa Mtwara wote wajua ni nani. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba ualimu aliuchagua, bali siasa zilimjia tu.

Kwa nini jina hili halikufutika? Kwa sababu alipoacha darasa hakuacha kufundisha. Mwaka ule ule wa 1955, alipokuwa hana kazi ya mshahara, alikuwa hapa Musoma akiwafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll na kutafsiri masomo yao. Alipokuwa Rais alitafsiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili: habari za Julius Caesar zikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, watu wapate kuona kwamba lugha yao yaweza kubeba mawazo mazito. Mwezi wa Machi 1967 alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alipostaafu alirudi Butiama kulima, na katika uzee wake akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Kazi zilibadilika mara nyingi, lakini nia ilikuwa moja. Kwa hiyo, mdogo wangu uliyetuletea swali, yakupasa kutenga mambo mawili: kazi uliyoajiriwa, na kazi uliyo nayo moyoni. Ya kwanza yaweza kubadilika kwa barua moja tu. Ya pili wewe mwenyewe ndiwe uichukuaye popote uendapo.

Lakini huenda ukasema: Huyo alikuwa mtu mkubwa, mimi ni mtu wa ubao na chaki. Vema. Basi tuulize, ni nani aliyemfundisha huyo mtu mkubwa alipokuwa mdogo? Mwaka 1934 walikuwapo walimu pale Mwisenge walioamka asubuhi na kuandika herufi ubaoni. Walimwona mtoto wa miaka 12 kati ya watoto wengine, wala hawakuweza kujua atakuwa nani. Wangalimfundisha kwa uvivu siku ile, hakuna ambaye angaliwalaumu. Majina yao leo hayatajwi na watu wengi, lakini kazi yao ilivuka bahari.

Hata hivyo haifai mwalimu afundishe kwa kungoja kwamba mmoja katika darasa lake atakuwa Rais. Hiyo ni bahati nasibu, nayo huwadharau watoto wengine wote. Katika darasa lako la ziwani, wengi watakuwa wavuvi, wakulima, mafundi, na mama wa nyumbani. Nao wanatosha. Mvuvi ajuaye kusoma mizani hapunjwi na mchuuzi. Mama ajuaye kusoma karatasi ya dawa hampi mtoto vijiko vitatu badala ya kimoja. Kijana ajuaye kusoma mkataba hautii kidole gumba kama kipofu, hata akapoteza shamba la baba yake. Mtu aliyeokoka katika mambo hayo hatakuja kukushukuru, kwa sababu hajui kwamba aliokoka. Faida kubwa ya mwalimu ni mabaya yasiyotokea.

Nchi yetu iliona jambo hili kwa hesabu. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulifanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wengi, wakiisha kuwafundisha watoto mchana, walifundisha wazee jioni, chini ya miti na penye taa za mafuta. Ilipofika mwaka 1986, kwa hesabu ya serikali, wasiojua kusoma walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Walioifanya kazi hiyo walikuwa walimu wa vijijini kama wewe, na wengi wao hawakupata hata picha gazetini.

Sasa yafaa tuseme na upande wa uchungu, maana gazeti hili si la kubembeleza watu. Mwezi wa Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana hapa hapa Musoma, wakaazimu kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi, na jambo hilo litimizwe ifikapo Novemba 1977. Ndilo Azimio la Musoma. Watoto katika shule za msingi, waliokuwa wapata milioni 1.2 mwaka 1974, walikuwa karibu milioni 3 mwaka 1978. Ni jambo kubwa, nasi twalisifu kwa haki; wako babu na bibi wengi leo wasingaliishika kalamu kama si azimio lile.

Lakini walimu wa watoto hao wote wangetoka wapi? Vyuo havikutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la 7 walichaguliwa, wakaingia madarasani kufundisha huku wao wenyewe wakijifunza ualimu kwa vijitabu vya barua, kwa redio, na kwa kusimamiwa na walimu waliowatangulia. Zaidi ya 40,000 walifunzwa kwa njia hii kati ya 1976 na 1984. Wengi walikuwa na moyo safi. Ila madarasa yalifurika, vitabu vilipungua, na walimu wengine walitakiwa kufundisha somo ambalo wao wenyewe walilielewa nusu. Hapo ubora wa masomo ulishuka, na watoto wengine walimaliza miaka 7 wakiwa hawasomi vema.

Twajifunza nini? Kwamba nia njema haitoshi. Mtu aweza kuipenda kazi yake kwa moyo wote, na bado akamdhuru yule ampendaye, kwa sababu hakujifunza kazi yenyewe. Fundi mwenye huruma, asiyejua kuziba nyufa, atawazamisha wavuvi pamoja na huruma yake. Lakini twajifunza na jambo la pili: katika vijana wale wa darasa la 7, wako walioendelea kusoma usiku, mwaka baada ya mwaka, wakafanya mitihani, wakawa walimu hodari. Hawakungoja wafanywe hodari kwanza ndipo waanze. Wala hawakukubali kubaki kama walivyoanza. Ndiyo njia ya mtu mwenye kazi isiyo na vifaa vya kutosha. Aanze na alicho nacho, lakini asiridhike nacho.

Na kuna onyo jingine, ambalo ziwa letu lilitupa kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilichoitwa MV Nyerere, kilichokuwa kikienda kati ya Bugolora katika Ukerewe na kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kufika. Kilikuwa kimekusudiwa kuchukua watu 101; watu zaidi ya 220 walikufa. Tazameni, ndugu zangu: kivuko kilibeba jina la heshima kuliko majina yote ya nchi, na jina hilo halikuwazuia watu wasizame. Kilichotakiwa ni jambo dogo, lisilo na heshima machoni pa watu: mtu wa kusimama gatini, kuhesabu abiria mmoja mmoja, na ikifika hesabu aseme, Sasa basi, hata kama waliobaki wanamtukana. Tukisema kazi ya mkata tikiti ni ndogo, tukumbuke siku ile.

Vivyo hivyo na jina la Mwalimu. Ni jina jema, tumelirithi. Lakini halitamfundisha mtoto hata mmoja lisipokuwapo mkono wa kuhesabu madaftari.

Basi, mdogo wangu, twakujibu hivi.

Kwanza, hatusemi kwamba kuchuuza dagaa ni kazi duni. Mchuuzi apimaye kwa haki, asiyemkopa mvuvi na kumkimbia, asiyeuza dagaa waliooza, huyo naye huwalisha watu wa mbali. Ukiona kwamba wito wako uko huko, toka kwa heshima, na ukafanye biashara kwa moyo ule ule. Wala usione haya. Kazi mbaya si mchezo mwema, wamesema wazee.

Pili, usikae nusu nusu. Mwalimu ambaye mwili wake uko darasani na moyo wake uko mwaloni huwadhulumu watoto mara mbili: hawapati mwalimu, na nafasi ya mwalimu imejazwa. Ni afadhali kiti kiwe wazi, maana kiti kilicho wazi huonekana na wakaguzi.

Tatu, ukikaa, usijipime kwa darasa zima. Mtu akitazama watoto 90 kwa pamoja, hukata tamaa. Chagua jambo moja dogo ulitimize. Kwa mfano, andika majina ya wale wavulana wanaokwenda majini wakati wa giza, kisha mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wasipotoka, wakusanye saa moja jioni uwafundishe yaliyowapita. Nenda ukaonane na baba zao mwaloni, usiende kuwakemea, nenda kwa shauri, ukawaonyeshe hesabu: mtoto asiyejua kugawanya atapunjwa mgao wake maisha yote. Mvuvi huielewa hesabu hiyo upesi kuliko hotuba.

Nne, usiache kujifunza. Kila muhula jifunze njia moja mpya ya kufundisha jambo ambalo watoto hulishindwa. Kama wako walimu watatu shuleni, kutaneni mara moja kwa juma, mwulizane, Ni nini kilichokushinda? Hapana haya katika swali hilo.

Tano, dai haki yako kwa njia iliyo sawa. Mtu afanyaye kazi njema bado ana watoto wa kuwalisha, na anayemwambia mwalimu kwamba wito ni mshahara wa kutosha, na ajaribu yeye kwanza kuupeleka wito dukani.

Nanyi wazazi, neno hili si la mwalimu peke yake. Mtoto wako akikuuliza awe nini atakapokua, usimjibu kwa kumtajia vyeo. Mwulize, Wataka kumfaa nani? Akisema wagonjwa, mwonyeshe njia ya uuguzi. Akisema wasafiri, mwonyeshe fundi wa mitumbwi na nahodha. Akisema watoto wenzake, mlete kwa yule mwalimu kijana wa ziwani, tena mlete mapema, ili mwalimu huyo aone kwa macho yake kwamba kuna mtu anayetaka kuwa kama yeye. Huenda neno hilo likamkalisha mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka mmoja watoto 90 hujifunza kusoma.

Tuonane tena mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.